Nani Apewe Amana ya Watoto?

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ndivyo walivyosema wazee, na wengi wetu tunaposikia maneno hayo huwafikiria baba na mama tu. Lakini fikiri, msomaji, juu ya mtoto ambaye wazazi wake wamekufa, au wangali hai lakini wameshindwa kumlea kwa sababu ya maradhi, ufukara, ulevi au ukatili. Mtoto huyo akipokewa na chama cha hisani, analelewa na nani? Chama hakina mikono wala macho. Mikono yake na macho yake ni watu kiliowaajiri, na juu ya watu hao yuko mmoja anayewaongoza. Akiwa mwema na mwangalifu, watoto mamia hupata kwao. Akiwa mzembe, watoto mamia hupotea, na vilio vyao havisikiki mbali.

Kwa hiyo siku ambayo halmashauri ya chama kama hicho inakaa kumchagua kiongozi wa kazi yake ni siku kubwa. Watoto wenyewe hawaalikwi katika mkutano huo, na pengine hawajui kwamba umefanyika. Lakini hakuna watu ambao matokeo yake yatawagusa kuliko wao. Katika insha hii nataka kukueleza habari za watu wanne waliokabidhiwa amana hiyo huko Marekani, wa kwanza mwaka 1853 na wa mwisho mwaka 1969. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu habari zake zimeandikwa na kuhifadhiwa, za mafanikio na za makosa pia, na makosa yaliyoandikwa ni mwalimu mzuri.

Kwanza tuafikiane juu ya maneno mawili. Kuasili mtoto ni kumtwaa mtoto aliyezaliwa na mwingine akawa wako kwa sheria, kwa jina na kwa urithi, kama kwamba ulimzaa wewe. Zamani tulimwita mtoto wa namna hiyo mtoto wa kupanga. Malezi ya kambo ni kumpokea mtoto nyumbani kwa muda, chini ya uangalizi wa chama au wa serikali, mpaka arudi kwa wazazi wake au apate wazazi wengine wa kudumu. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kuasili watoto mwaka 1851, na sheria hiyo ilimtaka hakimu aridhike kwanza kwamba wanaomtaka mtoto wanaweza kumlea. Sheria ilikuwa njema. Lakini hakimu hukaa mahakamani. Hawezi kuingia katika kila nyumba. Lazima awepo mtu wa kupiga hodi, kutazama, kuuliza, kwenda zake, na kurudi tena. Kazi hiyo ndiyo iliyoangukia vyama vya hisani, na habari yetu inaanza nayo.

Katikati ya karne ya kumi na tisa mji wa New York ulikuwa na watu zaidi ya 500,000, na merikebu hazikukoma kushusha wageni waliokimbia njaa ya Ireland na shida za Ujerumani. Wengi wao walifika mikono mitupu. Baba akifa kwa homa, au mama akikosa kazi, watoto walitoka mitaani kujitafutia. Mwaka 1849 mkuu wa polisi wa mji huo, George Matsell, alitoa taarifa kwamba watoto wapatao 3,000 walikuwa wakizurura bila mtu wa kuwaangalia. Walilala chini ya ngazi na ndani ya mapipa. Waliuza magazeti na viberiti, waliokota makaa bandarini, na baadhi yao waliiba. Waliokamatwa walifungwa, au walipelekwa katika majumba makubwa ya mayatima ambamo mtoto mmoja alikuwa kama tone ndani ya mtungi.

Mwaka 1853 wachungaji na wafanyabiashara kadha waliazimu kuunda chama cha kuwasaidia watoto hao. Nia walikuwa nayo, na fedha walijua watazipata kwa wahisani. Walilohitaji ni mtu. Wakamchagua Charles Loring Brace, mzaliwa wa jimbo la Connecticut, aliyesomea uchungaji na ambaye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Hakuwa ameoa wala hakuwa na mtoto. Lakini alikuwa amewatembelea wafungwa na wagonjwa katika kisiwa cha Blackwell, alikuwa amefanya kazi kati ya maskini wa mtaa wa Five Points, na mwaka 1851, alipokuwa safarini Ulaya, alifungwa gerezani huko Hungaria kwa kushukiwa kuwa upande wa wapinzani wa serikali. Alikuwa kijana mwenye moyo wa moto na kalamu kali, naye alipewa cheo cha katibu. Alikishika cheo hicho kwa miaka 37, mpaka kufa kwake mwaka 1890.

Yapo mengi ya kumsifu Bwana Brace. Alifungua shule za kazi za mikono. Mwaka 1854 alifungua nyumba ya kulala wavulana wanaouza magazeti, na kila mmoja alilipa senti sita kwa kitanda, maana Brace alitaka waingie kwa heshima ya mpangaji, si kwa unyonge wa mwombaji. Pia aliamini kwamba jumba la mayatima, hata likiwa safi namna gani, haliwezi kuwa badala ya nyumba yenye mama na meza ya chakula. Katika hilo alikuwa mbele ya watu wengi wa wakati wake.

Imani hiyo ndiyo iliyozaa magari ya moshi ya mayatima. Mwaka 1854 chama kilituma kundi la kwanza, watoto kama 46, kutoka New York mpaka mji mdogo wa Dowagiac katika jimbo la Michigan, wakisindikizwa na mtu mmoja aliyeitwa E. P. Smith. Walisafiri kwa meli na kwa gari la moshi. Walipofika walipelekwa kanisani, wakasimamishwa mbele ya wakulima na wake zao, na kila aliyetaka mtoto akachagua. Muda wa siku chache wengi wao walikuwa wamekwisha chukuliwa, na wachache waliobaki wakapelekwa mbele zaidi, upande wa magharibi. Halmashauri ilifurahi. Safari zikaendelea kwa miaka 75, na vyama vingine vikaiga. Mpaka zilipokoma mwaka 1929, watoto wanaokadiriwa kufika 200,000 walikuwa wamepelekwa mbali na miji walikozaliwa.

Je, walifikaje? Hapa ndipo ugumu wa kuhukumu ulipo. Wavulana wawili waliosafiri pamoja mwaka 1859 mpaka jimbo la Indiana, Andrew Burke na John Brady, walikua wakawa magavana, mmoja wa jimbo la North Dakota na mwingine wa Alaska. Wengine wengi walipata wazazi wema na maisha ya kawaida, nayo si kidogo. Lakini wapo waliochukuliwa kwa sababu mkulima alitaka mikono ya kuvuna. Wapo ndugu waliotenganishwa wasionane tena. Wengi hawakuwa mayatima hata kidogo. Mama yao alikuwa hai New York, naye alikuwa maskini tu. Wakatoliki walilalamika kwamba watoto wao walipelekwa katika nyumba za Waprotestanti na kusahaulishwa dini ya wazazi wao. Mwaka 1884 Hastings Hart, aliyekuwa katibu wa baraza la hisani la jimbo la Minnesota, alichunguza habari za watoto waliopelekwa katika jimbo lake. Aliona kwamba wale wadogo kwa kawaida walikuwa katika hali njema, lakini aliona pia kwamba watoto walikuwa wakigawiwa kwa haraka, bila uchunguzi wa kutosha wa nyumba zilizowapokea.

Kwenda mbio si kufika. Moyo wa Brace haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kile ambacho hakikudaiwa kwake. Chama kilimtaka mtu wa kuwatoa watoto mahali pabaya, naye aliwatoa kwa maelfu. Hakikumdai kwa nguvu ile ile aonyeshe kila mmoja wao alikuwa wapi baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano. Wakala mmoja aliangalia nchi kubwa isiyoweza kuzungukwa. Chama kilipokea barua nyingi za shukrani na kuzichapisha, lakini barua huandikwa na anayeweza na anayetaka kuandika. Mtoto anayepigwa ghalani hana kalamu. Na Brace alipofariki, halmashauri haikutafuta mbali: uongozi ulipita kwa mwanawe, mwenye jina lile lile.

Sasa tuje kwa mtu wa pili, na kwa chama cha tabia nyingine. Mwaka 1872 mwanamke mmoja wa New York, Louisa Lee Schuyler, aliasisi chama ambacho kazi yake ya awali haikuwa kugawa chakula wala nguo. Wanachama wake waliingia katika nyumba za maskini na hospitali zilizoendeshwa kwa fedha za umma, wakatazama hali ya waliomo, wakaandika waliyoyaona. Kilikuwa chama cha wakaguzi. Mwaka 1898, chini ya katibu wake Homer Folks, chama hicho kilianza pia kuwapatia watoto nyumba za kuwalea, na kilibeba tabia yake ya ukaguzi mpaka katika kazi hiyo mpya.

Mwaka 1907 kilimwajiri Sophie van Senden Theis, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu masomo yake katika chuo cha Vassar. Hakuajiriwa kuwa mkuu. Aliajiriwa kutenda kazi, akapanda ngazi kwa kuitenda, mpaka akawa kiongozi wa kazi yote ya kuwapatia watoto nyumba na kuasiliwa, na hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 1952. Hakuwa na jina kubwa kama la Brace. Pengine wewe hukupata kulisikia kabla ya leo. Lakini alifanya jambo moja ambalo watu wenye majina makubwa hawakulifanya: alirudi kutazama.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bibi Theis na wenzake waliingia ndani. Kabla ya kumpeleka mtoto waliizuru nyumba, wakauliza majirani na mwalimu na daktari. Baada ya kumpeleka waliizuru tena, na waliyoyaona wakayatia katika daftari. Kisha mwaka 1924 akachapisha matokeo ya uchunguzi uliokuwa mgeni kabisa katika kazi hiyo. Alikuwa amewatafuta watoto 910 waliopata nyumba kwa mkono wa chama chake tangu mwaka 1898, ambao sasa walikuwa watu wazima, ili aone wamekuwaje. Fikiri juu ya taabu ya kazi hiyo: wengine walikuwa wameoa au kuolewa, wengine wamebadili majina, wengine wamehama, wengine wamekufa. Na fikiri pia juu ya hatari yake, maana anayekwenda kutafuta ukweli juu ya kazi yake mwenyewe lazima awe tayari kukuta aibu yake.

Alichokuta kilikuwa na maana kubwa kwa wakati ule. Siku hizo walikuwako wataalamu waliofundisha kwamba ulevi, uhalifu na upungufu wa akili hupita katika damu, na mmoja wao, Henry Goddard, mwaka 1911 aliwaonya watu wasiasili watoto ambao asili yao haijulikani. Hesabu ya Bibi Theis haikukubaliana na maneno hayo. Wengi sana wa watoto wale, ijapokuwa walitoka katika koo zilizodharauliwa, walikuwa wamekuwa watu wazima wenye kujimudu na kuheshimika. Tena waliopelekwa wakiwa wadogo, chini ya miaka mitano, walifanikiwa zaidi kuliko waliochelewa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee wetu walikuwa wamekwisha sema, lakini sasa palikuwa na daftari la kuithibitisha kauli hiyo mbele ya wabishi. Si hotuba iliyowafungulia watoto milango. Ni subira ya mtumishi mmoja aliyehesabu.

Mtu wa tatu hakuongoza chama cha hisani bali idara ya serikali. Namleta hapa kwa sababu idara hiyo ndiyo iliyokuja kuvifundisha vyama kanuni za kazi, na kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo la pekee juu ya kuajiri watu. Huyo ni Julia Lathrop, aliyezaliwa mwaka 1858 katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois. Mwaka 1890 alihamia Hull House, nyumba ya hisani iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr katikati ya mitaa ya maskini wa Chicago, na mwaka 1893 gavana wa Illinois alimteua kuwa mjumbe wa baraza la hisani la jimbo. Mjumbe wa baraza aliweza kukaa Chicago na kusoma taarifa alizoletewa. Bibi Lathrop aliondoka akazizuru nyumba za maskini za jimbo zima, 102, moja baada ya moja. Humo aliwakuta wazee, wendawazimu na watoto wamechanganywa pamoja.

Aliona pia sababu ya ubaya huo. Kazi katika nyumba hizo zilikuwa zikitolewa kama zawadi kwa watu waliokisaidia chama cha siasa kilichoshinda uchaguzi. Aliyekabidhiwa wendawazimu hakujua lolote juu ya wendawazimu. Alijua tu ni nani aliyempa kazi. Mwaka 1901, alipoona kwamba mambo hayo hayabadiliki, alijiuzulu ujumbe wake kwa kuyapinga. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, msomaji. Kumpa mtu kazi ya kulea wanyonge kwa sababu ni ndugu, rafiki au mfuasi ni kuwaibia wanyonge, hata kama hakuna senti iliyopotea katika hesabu.

Mnamo Januari 1909 Rais Theodore Roosevelt aliwaita watu wapatao 200 katika Ikulu ya Washington kuzungumza juu ya watoto wasio na wazazi wa kuwategemea. Mmoja wa walioushawishi mkutano huo ufanyike alikuwa James West, mwanasheria ambaye mwenyewe alikulia katika nyumba ya mayatima. Mkutano ukatoa kauli mbili za maana: kwamba mtoto asiondolewe kwa wazazi wake kwa sababu ya umaskini peke yake, na kwamba akiwa hana budi kuondolewa, nyumba ya familia ni bora kuliko jumba la mayatima. Mama wengi wa New York wangalifurahi kama kauli ya kwanza ingalisemwa miaka 50 mbele.

Tarehe 9 Aprili 1912 Rais Taft alitia sahihi sheria ya kuunda Idara ya Watoto, akamteua Julia Lathrop kuwa mkuu wake wa kwanza. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza idara yoyote ya serikali kuu ya nchi hiyo. Alipewa dola 25,640 na watumishi 15 kwa nchi yenye watoto mamilioni. Mtu mwingine angalikata tamaa, au angalitawanya fedha hizo katika mambo mia akashindwa yote. Yeye alichagua swali moja: kwa nini watoto wachanga wanakufa? Watumishi wake wakaenda nyumba kwa nyumba katika mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania, wakazungumza na kina mama. Walikuta kwamba mshahara wa baba ulipokuwa mdogo, vifo vya watoto vilikuwa vingi. Hapo tena unaona tabia ile ile, ya kwenda mahali penyewe na kuhesabu kabla ya kusema. Aliongoza mpaka mwaka 1921, akamwachia Grace Abbott, aliyefanya kazi pamoja naye na kuyajua mambo kwa undani.

Mtu wa nne anatuleta karibu na siku zetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyama vingi vya Marekani vya kuasili watoto vilijishughulisha zaidi na kuwatafutia watoto wachanga Weupe wazazi Weupe waliokosa kuzaa. Mtoto Mweusi alibaki katika malezi ya kambo mwaka hata mwaka, akahamishwa nyumba hata nyumba, na vyama vikamwandika katika daftari kuwa ni mgumu kupata wazazi. Ulipouliza kwa nini, uliambiwa kwamba familia Nyeusi haziji kuasili. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Familia hizo zilipokuja zilikuta masharti yaliyotungwa kwa kuwafikiria watu wengine: ada ya kulipa, akiba benki, nyumba yenye vyumba vya ziada, mama asiyefanya kazi nje. Mume na mke waliokuwa wamelea wadogo zao na wapwa zao kwa upendo walirudishwa mlangoni kwa sababu ya kipimo cha chumba.

Mwaka 1969, katika mji wa Detroit, ulioumizwa na ghasia za mwaka 1967 ambazo ziliua watu 43, palianzishwa chama cha kuwapatia watoto Weusi wazazi wa kudumu. Uongozi wake ulikabidhiwa Sydney Duncan, mwanamke Mweusi mwenye ujuzi wa kazi ya ustawi wa jamii. Bibi Duncan aliigeuza kazi kwa kuligeuza swali. Vyama vingine vilikuwa vikiuliza, tutamkataaje asiyefaa? Yeye aliuliza, tutamsaidiaje anayetaka? Waliokuja walipokewa kama wageni wa heshima. Walielezwa mambo kwa lugha nyepesi, na masharti yasiyohusu uwezo wa kulea yaliwekwa kando. Uchunguzi wa usalama wa mtoto haukuachwa. Katika mwaka wa kwanza peke yake watoto zaidi ya mia moja walipata wazazi. Wale waliodaiwa kuwa hawapo walikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu mlangoni wa kuwaambia karibuni.

Tazama sasa watu hawa wanne kwa pamoja. Mmoja alikuwa mchungaji, mmoja msichana aliyetoka chuoni, mmoja mkaguzi aliyezunguka jimbo zima, na mmoja mjuzi wa ustawi aliyelijua jambo kwa sababu lilikuwa jambo la watu wake. Wote waliwapenda watoto. Kwa hiyo upendo peke yake hauwezi kuwa kipimo, maana hata asiyefaa hudai kuwa nao, na mara nyingine anao kweli. Kinachowatenga watatu wa mwisho na wa kwanza ni kwamba waliweza kujibu swali moja dogo: mtoto yuko wapi sasa, na hali yake ikoje? Theis alilijibu kwa daftari, Lathrop kwa miguu yake, na Duncan kwa kuufungua mlango ambao watoto wale walikuwa wakingoja nyuma yake.

Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2022 Marekani ilikuwa na watoto zaidi ya 360,000 katika malezi ya kambo, na zaidi ya 100,000 kati yao walikuwa wakingoja kuasiliwa. Tangu mwaka 2004 mfuko ulioanzishwa na Dave Thomas, mfanyabiashara wa vyakula aliyekuwa yeye mwenyewe mtoto wa kuasiliwa, umekuwa ukilipa mishahara ya watumishi ambao kila mmoja hupewa watoto wachache tu, awajue kwa majina, asome habari zao tangu mwanzo, na kuwatafutia wazazi hata kati ya jamaa na walimu wao wa zamani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuasiliwa, na kwa wale wakubwa nafasi hiyo ilifika hata mara tatu ya wenzao. Kwa hiyo halmashauri nayo ina wajibu wake. Ukimwajiri mtu mwema kisha ukampa watoto mia mbili, umewanyima wote mtu mwema.

Hapa kwetu Kenya kazi hii si ngeni. Chama cha Ustawi wa Watoto kilianzishwa mwaka 1955, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka taratibu za kuasili na za malezi ya kambo. Sheria hiyo, kama ile ya Massachusetts, itakuwa na nguvu sawa na nguvu za watu watakaoitekeleza. Wewe usomaye leo ukiwa darasani, huenda kesho ukaketi katika halmashauri ya chama, ya kanisa, ya msikiti au ya kijiji, na mbele yako pakaletwa majina ya watu wanaoomba kuongoza kazi ya watoto. Utaona vyeti, vitazame, kwa kuwa ujuzi una thamani yake. Utasikia maneno matamu. Yasikilize kwa sikio moja.

Kisha umuulize mwombaji amepata kwenda wapi kwa miguu yake, na alipofika aliona nini. Muulize juu ya mtoto mmoja aliyemsaidia miaka mitano iliyopita, yuko wapi leo. Muulize juu ya mtu aliyemrudisha mlangoni, na kwa nini. Muulize ni jambo gani katika kazi yake lilimtoka vibaya, na alilijuaje. Asiyekuwa na jibu kwa maswali hayo, hata awe ndugu yako, mpe mkono wa kwaheri kwa adabu. Mwenye majibu, hata awe mgeni asiyejulikana na mtu, mpe kiti, mpe mshahara unaostahili, mpe watumishi wa kutosha. Na baada ya mwaka mmoja mwite tena mbele ya halmashauri, mumuulize watoto wako wapi.